Sura ya Saba: Mgongo wa Farasi na Mkono wa Fundi

Watu wengi wakiambiwa kwamba kuna mtu ambaye kazi yake, tangu jua kuchomoza hata kuchwa, ni kwenda banda kwa banda akitazama migongo ya farasi, akiipapasa kwa kiganja, akiichora katika karatasi, kisha akarudi karakanani kupunguza au kuongeza konzi ya sufu ndani ya tandiko, huuliza maswali mawili yale yale. La kwanza ni hili: farasi, mnyama mwenye nguvu za kuvuta gari la mizigo na kuruka ua unaomfikia mtu kifuani, adhurika vipi kwa kitu kidogo cha ngozi kilichowekwa juu yake? La pili ni hili: hata kama adhurika, je, mtu mwenye akili timamu aweza kuoa, kujenga na kusomesha watoto kwa kazi kama hiyo?

Maswali haya yaonekana mawili, lakini jibu lake ni moja, na ndilo litakaloelezwa katika sura hii. Riziki ya kazi hii yatokana na haja ya mnyama mwenyewe, ambaye amepewa nguvu za kubeba na hakupewa ulimi wa kushitaki. Na maadamu wanadamu wataendelea kupanda na kubebesha, haja hiyo haitakwisha, na mtu ajuaye kuitimiza kwa insafu hatakosa wa kumwita.

Mgongo haukuumbwa kuwa kiti

Inzi mmoja akitua ubavuni mwa farasi, ngozi ya mahali pale pale hutetemeka ikamfukuza, ilhali mwili wote uliobaki umetulia. Mnyama ahisiye mguu wa inzi hawezi kuwa hana habari ya uzito wa mtu mzima, na ngozi yake, ambayo kwa macho yadhaniwa kuwa nene kwa sababu ya manyoya, ina hisia kali kupita tunavyodhani.

Chini ya ngozi hiyo pana misuli miwili mirefu, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na misuli hiyo ndiyo iwezayo kubeba. Uti wenyewe umefanywa kwa pingili, yaani vipande vya mifupa vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na pingili 18 kati ya hizo zimeshikana na mbavu, kila moja kwa jozi yake. Pingili za mbele zina miiba mirefu ya mfupa inayoelekea juu, nayo hufanya pale mahali palipoinuka ambapo shingo hukutana na mgongo. Katika sura hii tutapaita kinundu. Nyuma ya ubavu wa mwisho kiuno huanza, na kiuno hakina mbavu za kukitegemeza. Mbele ya mgongo liko fupa la bega, nalo halikukaa kitako: kila farasi atupapo mguu wa mbele, ncha ya juu ya fupa hilo hurudi nyuma chini ya ngozi.

Basi mahali pa tandiko ni padogo kuliko mtu adhanivyo. Likisogea mbele, litagongwa na bega katika kila hatua; likirefuka nyuma kupita ubavu wa mwisho, litakandamiza kiuno; likilalia uti wenyewe katikati, litaumiza mifupa; na likibana kinundu, farasi hataweza kuinua mgongo wala kunyosha shingo. Kilichobaki ni pande mbili za misuli, kati ya bega na ubavu wa 18, na humo ndimo mtu, tandiko na kila kilichofungwa juu yake vinapaswa kukaa.

Kila mtu aliyewahi kuvaa kiatu kilichombana amekwisha kuelewa nusu ya elimu hii. Kiatu hakikati mguu kwa kisu; hukandamiza mahali pamoja, mishipa midogo ya damu hufungika, na nyama iliyonyimwa damu kwa muda mrefu huanza kufa. Ndivyo ilivyo mgongoni mwa farasi, ila mwenye kiatu aweza kukivua, na farasi hana mkono wa kulivua tandiko. Dhara hiyo ikiendelea, mizizi ya nywele hupoteza rangi yake, na mahali palipoumia huota nywele nyeupe ambazo hubaki kuwa ushahidi hata baada ya kidonda kupona. Misuli nayo, ikikandamizwa miezi na miaka, hukonda, na nyuma ya bega hufanyika shimo ambalo mtu asiyejua huliona kuwa ni umbo la kuzaliwa.

Dalili ambazo mwenye farasi apaswa kuziangalia ni hizi:

- Farasi hulaza masikio nyuma, hung'ata hewa au hujisogeza pembeni anapoona tandiko laletwa.
- Hujikaza au hugeuka kutaka kuuma mkanda wa tumboni unapofungwa.
- Hupiga mkia bila ya kuwapo inzi, hukataa kwenda mbele, au hurusha miguu ya nyuma apandwapo.
- Manyoya yaliyo chini ya tandiko yamevunjika, yamechakaa au yamegeuka meupe.
- Baada ya kazi, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa doa moja kavu, ambalo yamkini ni mahali palipokandamizwa kupita kiasi.

Kwa ufupi: farasi hubeba kwa misuli miwili iliyo kando ya uti, mahali pa tandiko ni padogo, na maumivu yake huonekana kwanza katika tabia, ndipo yaonekane katika ngozi. Mtu aitaye tabia hiyo ukaidi, akachukua mjeledi, amemwadhibu mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake.

Yaliyofichika ndani ya tandiko

Tandiko, au seruji kama walivyozoea kuliita wazee wa pwani, halikuwako tangu mwanzo. Wayunani wa kale walipanda farasi juu ya mgongo mtupu au juu ya nguo. Katika milima ya Altai huko Siberia, makaburi yaliyohifadhiwa na barafu kwa miaka ipatayo 2,400 yalipofukuliwa yalitoa matandiko ya zamani sana, nayo yalikuwa kimsingi mito miwili iliyojazwa nywele za wanyama na majani, mmoja kila upande wa uti. Hata wafugaji wale wa kale, wasiokuwa na chuo wala vitabu, walikwisha kutambua kwamba uti wa mgongo wapaswa kuachwa huru. Vikuku, yaani vyuma vya kuwekea miguu, vilikuja baadaye sana. Wachina walikuwa navyo katika karne ya 4 baada ya Kristo, na Ulaya ilivipata karne kadhaa nyuma yao.

Tandiko la leo, hususa lile la mtindo wa Kiingereza, lina sehemu ambazo mpandaji hazioni kabisa. Ndani yake kuna kiunzi, ambacho ni kama mifupa ya tandiko, kilichofanywa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka na kutiwa nguvu kwa chuma, ama siku hizi kwa plastiki. Kiunzi ndicho kinachoamua upana wa tandiko, na kikiwa chembamba kuliko mgongo, hakuna ustadi wa ngozi utakaoliponya. Juu ya kiunzi hutandazwa kiti. Chini yake hushonwa mito miwili iliyojazwa sufu ya kondoo, nayo ndiyo inayogusana na mnyama, na kati ya mito hiyo huachwa mfereji mpana ili pasiwe na kitu kinachougusa uti. Vikuku hutundikwa ubavuni, na mkanda wa tumboni hulifunga tandiko lisiteleze.

Sehemu anazozitazama mnunuzi dukani, yaani rangi, mng'aro na nakshi, hazina uzito mbele ya mgongo. Sehemu zenye uzito zimefunikwa, nazo zataka mtu mwaminifu, kwa kuwa hakuna atakayefumua mishono kutazama alichokificha fundi ndani.

Mji ulioshona kwa ajili ya ulimwengu

Yeyote atakaye kuielewa kazi hii kwa ukamilifu hana budi kuutazama mji wa Walsall, katikati ya Uingereza. Mji huo ulianza kwa chuma kabla ya ngozi: wahunzi wake walifua lijamu, yaani chuma kinachoingia kinywani mwa farasi, pamoja na vikuku na bizimu za mikanda. Katika karne ya 19, wakati gari la farasi lilipokuwa ndilo gari la mtu na la mzigo, wafua vyuma walifuatwa na washona ngozi, na Walsall ikawa makao makuu ya kazi ya matandiko, ikiuza bidhaa zake katika kila pembe ya dunia. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka, karakana zake zilishona matandiko na hatamu kwa majeshi. Kisha motokaa ikaja, na wengi walidhani kwamba kazi imefikia ukomo wake.

Haikufika. Farasi aliondoka barabarani akaingia katika michezo, mashindano na matembezi, na waliobaki wakishona waligundua kwamba mnunuzi wa sasa, ambaye ana farasi mmoja na anampenda, huuliza maswali ambayo mwenye farasi mia hakuyauliza. Hata leo Walsall ina karakana za matandiko, timu yake ya kandanda huitwa kwa jina la watengeneza matandiko, na tangu mwaka 1988 mji una jumba la makumbusho ya ngozi ndani ya kiwanda cha zamani, ambamo mgeni aweza kuona kazi ikifanywa kwa mikono.

Mkono huo wastahili kutazamwa kwa karibu. Fundi huketi juu ya kigoda, na kati ya magoti yake hubana kibanio cha mbao chenye taya mbili ndefu zilizopinda, ambazo huzishika ngozi mbili zinazotaka kuunganishwa zikatulia mbele ya kifua chake, akabaki na mikono yote miwili huru. Kwanza hupiga chuma chenye meno ili kutia alama za mahali pa mishono, aghalabu 8 au 10 katika kila inchi. Huchukua uzi wa kitani, akaupitisha mara kwa mara katika nta ya nyuki mpaka ukashika na kukaza, akatia sindano katika ncha zake zote mbili, kwa kuwa mshono huu ni wa uzi mmoja na sindano mbili. Katika mkono wa kulia hushika msharasi, chombo cha ncha kali cha kutobolea ngozi, pamoja na sindano moja kati ya vidole vile vile. Hutoboa, hupitisha sindano ya kushoto, kisha hupitisha ya kulia katika tundu lile lile, akavuta mikono yote miwili kwa nguvu sawasawa hata uzi ukazama ndani ya ngozi.

Faida ya taabu hiyo ni kwamba kila tundu limepitwa na nyuzi mbili. Mshono mmoja ukilika kwa msuguano, jirani zake hushika. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizonasana katikati, na uzi mmoja ukikatika, mstari wote waweza kuanza kufumuka. Mkanda unaoshikilia kikuku cha mpandaji aendaye mbio haupaswi kufumuka, na kwa hiyo sehemu zinazobeba uhai wa mtu huendelea kushonwa kwa mkono katika karakana nyingi zenye heshima.

Kumpima farasi

Tandiko likiwa limeshonwa kwa ustadi wote huo, bado laweza kumtesa farasi ambaye halikupimwa kwake. Hapa ndipo inapoanza kazi ya pili, ambayo si lazima ifanywe na mtu yule yule: kazi ya mpimaji, ambaye hulilinganisha tandiko na mgongo, na mgongo na mpandaji. Mpimaji mwema hufuata utaratibu huu:

1. Huuliza habari za farasi: umri, kazi, maradhi yaliyopita, na tabia zilizobadilika karibuni.
2. Humtazama akiwa hana kitu mgongoni, amesimama juu ya ardhi tambarare, kwa mbele, kwa nyuma na kwa pande zote mbili, maana farasi wengi wana bega moja kubwa kuliko lingine.
3. Hupitisha kiganja polepole tangu kinunduni hata kiunoni, akitafuta joto, uvimbe, na mahali ambapo mnyama hujikunja au hushituka.
4. Hukunja kijiti laini juu ya mgongo kikashika umbo lake, kisha huchora umbo hilo katika karatasi, akaandika tarehe, ili mwakani aweze kulinganisha.
5. Huweka tandiko peke yake, bila ya nguo chini, akaangalia kama kinundu kina nafasi ya vidole viwili au vitatu, kama mfereji uko wazi tangu mbele hata nyuma, na kama mito imegusana na mgongo kwa urefu wake wote.
6. Humwambia mwenyewe apande, kisha hutazama farasi akienda hatua za kawaida, akienda matiti, yaani mwendo wa hatua fupi za haraka, na mwisho akienda shoti, yaani mbio.

Hatua ya sita ndiyo inayowatenga wenye maarifa na wenye kubahatisha, kwa sababu tandiko lililotulia juu ya farasi aliyesimama laweza kuruka, kuyumba au kuteleza kando anapokwenda. Daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 2018 orodha ya vitendo 24 ambavyo farasi huvionyesha akipandwa, kama vile kufungua kinywa, kulaza masikio, kukaza macho na kubadili mwendo bila ya kuambiwa, na walionyesha kwamba farasi aonyeshaye 8 au zaidi kati ya hivyo yaelekea ana maumivu katika mifupa au misuli. Jambo ambalo wapanda farasi wa zamani walilihisi bila ya kuweza kulithibitisha limepata kipimo ambacho mtu yeyote mwenye macho na subira aweza kujifunza kukitumia.

Mpimaji hana budi pia kujua mipaka yake. Tandiko linaloteleza daima upande mmoja huenda halina kosa lolote. Huenda mguu wa nyuma wa farasi wachechemea kidogo, kiasi ambacho mwenyewe hajakitambua. Fundi mwaminifu hapo huacha kuuza na humshauri mwenyewe amwite daktari wa wanyama. Kadhalika hukataa dawa ya mkato ipendwayo na wengi, ya kuongeza nguo na mito chini ya tandiko jembamba. Mwenye kiatu kinachombana hapati nafuu kwa kuvaa soksi nene.

Wala kipimo cha leo si kipimo cha daima. Farasi mchanga hutanuka, mzee huzama mgongo, aliyeugua hukonda, aliyepumzishwa malishoni hunenepa. Na sufu nayo, ikikaliwa kila siku, hushindiliwa ikawa ngumu na yenye mabonge. Kwa hiyo tandiko hufaa kutazamwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili ikiwa farasi ana kazi nyingi.

Kwa ufupi: kushona ni nusu ya kazi na kupima ni nusu nyingine, farasi hutazamwa kwanza, tandiko baadaye, na mpandaji mwisho, na kipimo hurudiwa kwa kuwa mwili hubadilika.

Njia ya kuingia, na riziki yake

Sanaa hii tangu kale imefundishwa kwa uanagenzi, yaani mwanafunzi kukaa na fundi na kujifunza kwa kutenda. London ilikuwa na chama cha watengeneza matandiko tangu karne za kati, kikilinda ubora wa kazi na jina la mafundi wake. Katika siku zetu jukumu hilo kwa sehemu kubwa hushikwa na chama cha mafundi wakuu wa matandiko cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1966, ambacho hutahini mafundi, huwapa daraja, na huweka orodha ya wapimaji waliohitimu ili mwenye farasi ajue wa kumwita. Chama hicho hakimpi mtu cheo cha fundi mkuu kabla ya kutimiza miaka 7 kazini. Muda huo waonekana mrefu kwa kijana mwenye haraka, lakini migongo haifanani, na maarifa ya kuitofautisha hayapatikani ila kwa kuigusa mingi.

Ndani ya kazi hii moja mna kazi kadhaa, na kijana huchagua kwa kadiri ya kipaji chake:

- Mshona hatamu, ambaye hushughulika na vifaa vya kichwani.
- Mtengeneza matandiko, ambaye huanzia kwenye kiunzi hata kiti.
- Mtengeneza vifaa vya kuvutia magari na kubebea mizigo.
- Mrekebishaji, ambaye hushona upya, hubadilisha sufu na huokoa matandiko ya zamani.
- Mpimaji, ambaye husafiri na vyombo vyake kuwafuata wanyama waliko.
- Mwalimu na mshauri katika mashirika ya kutunza wanyama wa kazi.

Kuhusu ujira, yafaa kusema kweli bila ya kupamba. Fundi wa karakana hulipwa mshahara au kwa kila kipande, na miaka ya kwanza ni ya kipato kidogo. Mrekebishaji aweza kujitegemea mapema, kwa kuwa mtaji wake ni vyombo vichache na meza imara, na ngozi hukatika kila siku. Mpimaji hutoza kwa kila ziara na kwa kila tandiko alilolirekebisha, na kwa kuwa farasi yule yule humhitaji mwaka baada ya mwaka, mtu aliyejenga jina la uaminifu hukusanya wateja ambao hawamwachi. Kazi hii haimtajirishi mtu kwa usiku mmoja, lakini humpa uhuru, heshima, na kazi ambayo mashine haijaweza kuichukua, kwa sababu hakuna mashine iendayo bandani ikapapasa mgongo na kuelewa kwa nini mnyama ameshituka.

Na huku kwetu je?

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Bujumbura atasema kwamba farasi wetu ni wachache, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa mbung'o na maradhi vimemzuia mnyama huyu kuenea katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Walakini pwani yetu haikuwa mgeni kwake. Mwaka 1840, merikebu *Sultana* ya Sayyid Said ilipofika New York kutoka Unguja, miongoni mwa zawadi zilizokusudiwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Leo Nairobi ina uwanja wake wa mbio za farasi katika barabara ya Ngong, wako farasi wa polo, wa polisi, wa shule za kupanda na wa kuwatembeza watalii mbugani katika Kenya na Tanzania; na ng'ambo ya bahari, katika Oman na nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna jamaa, kumtunza farasi ni fahari ya taifa. Wote hao huvaa matandiko, na matandiko yote huchakaa.

Lakini mlango mpana zaidi kwetu ni punda. Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, punda ndiye mbeba mchanga, saruji na mawe ya kujengea, na tangu mwaka 1987 mji una zahanati inayowatibu punda bila ya malipo. Katika nyanda za Kenya, punda huvuta mikokoteni ya maji na mavuno, na huko ulianzishwa mpango uitwao Heshimu Punda, wa kuwafundisha wenye punda kuwatunza. Nalo shirika ambalo Dorothy Brooke alilianzisha Cairo mwaka 1934, baada ya kuwaona farasi wa vita waliouzwa na kuachwa kufa kwa kazi, leo lina ofisi Nairobi na hushughulikia wanyama wa kazi wa Afrika Mashariki.

Ukimtazama punda wa mkokoteni kwa karibu, utaona mara nyingi kamba ya nailoni iliyokata ngozi ya kifua, kipande cha tairi kilichochubua bega, au nira ya ng'ombe iliyolazimishwa shingoni mwa mnyama ambaye hakuumbwa kusukuma kwa shingo. Ng'ombe hutegemea shingo na nundu yake. Punda husukuma kwa kifua, na kwa hiyo ahitaji mkanda mpana wa kifuani, laini upande wa ndani, uliokaa chini ya koo ili asinyongwe na juu ya kiungo cha bega ili asizuiwe kutembea. Abebaye mzigo mgongoni naye ahitaji sogi, ule mfuko wa pande mbili, uwekwe juu ya mito miwili minene ili uzito ukae mbavuni na uti ubaki huru, na mzigo wa kulia uwe sawa na wa kushoto. Sheria ni ile ile ya tandiko la Walsall, na vifaa vyake vyaweza kuwa turubai, blanketi kuukuu na ngozi ya hapa kwetu.

Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mtu atakayeinua sogi na kutazama kidonda kilicho chini yake ataona kwamba teke lile aghalabu lilikuwa shitaka.

Wala malighafi hatuna haja ya kuiagiza mbali. Ngozi nzuri ya tandiko hudabaghiwa, yaani hutayarishwa isioze, kwa dawa itokayo katika magome ya miti, nayo hutoka ikiwa ngumu na yenye kushika umbo. Miti ya miwati, ambayo magome yake hutoa dawa hiyo, imepandwa Njombe tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita, na ng'ombe tunao kwa mamilioni. Mafunzo ya teknolojia ya ngozi yapo Mwanza, na mafundi wa viatu na mikoba wamejaa katika kila mji. Fundi wa viatu amekwisha kuijua ngozi, uzi na msharasi. Amebakiza kumjua mnyama.

Mambo ya kuanza nayo

Kijana aipendaye kazi hii na aanze hivi:

- Ajifunze kushona kwa mkono kwa sindano mbili, kwanza mikanda, kisha hatamu, mpaka mishono yake ilingane pande zote mbili za ngozi.
- Amtafute saisi, yaani mtunza farasi, au mwenye punda, amsaidie kazi, ajifunze kusimama karibu na mnyama bila ya kumtisha.
- Apapase migongo mingi, ya wazima na ya wagonjwa, na aichore na kuiandikia tarehe.
- Awe na daktari wa wanyama wa kumwuliza, wala asione haya kusema kwamba jambo limempita.
- Aanze na marekebisho kabla ya kutengeneza kipya, kwa sababu tandiko la zamani lililofumuliwa ni mwalimu asiyeficha kitu.

Kwa wale wenye mamlaka juu ya vyuo vyetu vya ufundi, ombi la sura hii ni jepesi. Panapofundishwa kushona viatu na mikoba, pafundishwe pia kushona mkanda wa kifua wa punda na mito ya sogi, na siku moja kwa juma wanafunzi wapelekwe sokoni au gatini wakawapime wanyama wenyewe. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itaonekana kwa pande mbili: kijana atapata kazi ambayo jirani zake wote wanaihitaji pasipo kujua kuwa ipo, na mnyama aliyebeba maji, mawe na mavuno yetu vizazi kwa vizazi atapata haki aliyostahili kupewa tangu siku ya kwanza aliyofungwa kamba.